Chale za Faragha: Sanaa ya Bamba la Shaba katika Majumba ya Wafalme wa Karne ya Kumi na Tisa, na Jina Lake kwa Kiswahili

Miongoni mwa sanaa za kuchora iko moja ambayo Kiswahili hakijaipa jina lake hasa. Mtu akiiita mchoro amesema nusu. Akiiita nakshi amekosea. Akiiita chapa ametaja mwisho wa kazi na kuacha mwanzo wake. Sanaa yenyewe ni ya kuchora juu ya bamba la shaba kwa sindano, na kuiachia tindikali kazi iliyobaki. Jina lake halikupatikana pwani, ijapokuwa pwani ndiyo iliyozoeleka kuwa kisima cha maneno. Hoja ya makala haya ni kwamba linaweza kupatikana bara ya Lindi, upande wa Matambarale, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea. Walakini kabla ya kufika huko hapana budi kutazama kwanza watu walioifanya sanaa hii kuwa mchezo wao wa faragha, maana mkasa uliowapata ndio unaoonyesha jina lipi lafaa na lipi halifai.

Kazi hufanywa hivi. Bamba la shaba husuguliwa mpaka ling'ae, kisha hupakwa nta iliyochanganywa na utomvu na lami, na mara nyingi hufukizwa moshi wa mshumaa hata liwe jeusi. Mchoraji hushika sindano na kuchora juu ya nta hiyo kwa wepesi ule ule wa mtu achoraye kwa kalamu, kwani haikati shaba. Huikwangua nta tu na kuiacha shaba wazi. Baadaye bamba hutiwa katika tindikali. Pale palipo na nta tindikali haipati njia. Pale palipokwanguliwa huila shaba, na kadiri inavyokaa ndivyo mfuo unavyozidi kuwa mpana na kwenda chini, na mweusi katika picha. Nta ikiisha kuondolewa, bamba hupakwa wino, hupanguswa ili wino ubaki ndani ya mifuo tu, hulazwa juu yake karatasi iliyoloweshwa, na vyote hupitishwa kwa nguvu katika mashine ya magurudumu. Karatasi huunyonya wino kutoka katika vidonda vya shaba, na picha hutoka imegeuzwa, kulia kukiwa kushoto.

Vitu viwili katika habari hii vyastahili kukumbukwa. Cha kwanza, mstari wa picha hii ni jeraha: mkono hufungua mlango, na kitu kikali huingia na kula. Cha pili, bamba moja hutoa nakala nyingi. Mchoro wa kalamu ni mmoja, na mwenyewe akiufungia sandukuni umefungika. Bamba la shaba si hivyo; limeumbwa ili lizae. Atakayetaka kuchora kwa siri basi angetazamiwa achague chombo chochote isipokuwa hiki. Na hata hivyo, katika miaka ya 1840, hiki ndicho kilichochaguliwa katika nyumba ya faragha kuliko zote za Uingereza.

Malkia Victoria aliolewa na Albert, mwana wa watawala wa Saxe-Coburg, tarehe 10 Februari 1840, na mwaka huo huo wote wawili walianza kujifunza kuchora juu ya shaba. Aliyewafundisha alikuwa George Hayter, mchoraji wa taswira za watu wakubwa. Edwin Landseer naye, bingwa wa kuchora wanyama, aliwasaidia. Haikuwa desturi mpya kabisa katika ukoo huo, kwani hata binti za Mfalme George III walijishughulisha na sanaa za chapa. Jambo lililokuwa geni ni kwamba mke na mume walikaa pamoja katika kazi moja: yapo mabamba ambayo mmoja alichora kwa kalamu na mwingine akayahamisha juu ya shaba. Walichora watoto wao walipozaliwa, walichora mbwa wa nyumbani, walinakili michoro ya Landseer na ya mabingwa wa kale. Kazi ya tindikali na ya kutoa nakala iliangukia zaidi mikono ya Marianne Skerrett, mtumishi wa Malkia wa chumba cha mavazi, mwanamke hodari ambaye historia ya sanaa imemtaja kwa uchache mno kuliko haki yake. Kwa hiyo faragha hiyo tangu mwanzo haikuwa ya watu wawili. Ilikuwa ya watu watatu, na huyo wa tatu ndiye aliyejua tindikali.

Je, michoro yenyewe ina thamani gani? Watu wengi hujibu swali hili kwa adabu badala ya kulijibu kwa macho. Wengine huisifu kwa kuwa ni ya Malkia, na wengine huidharau kwa sababu hiyo hiyo, wakidhani mtu aliyezaliwa katika enzi hawezi kuwa na subira ya fundi. Ukweli ni kwamba Albert alikuwa na mkono na Victoria alikuwa na jicho. Mistari ya Albert ni ya mtu aliyefunzwa: imepangwa, kivuli kimewekwa mahali pake, na picha hutulia, walakini huishia hapo. Mistari ya Malkia hutetemeka, hurudia njia, wakati mwingine hulikosa pua la mtoto kabisa. Lakini pale anapomchora binti yake mchanga hakuna anachokinakili kwa mtu; anaandika alichokiona asubuhi ile, kabla mtoto hajageuka. Anaponakili kazi ya bingwa, upungufu wake wote huonekana. Anapochora cha nyumbani, upungufu huo huo hugeuka kuwa ushahidi. Mtu aliyezoea kusoma barua za kale ataielewa tofauti hii upesi: barua iliyoandikwa na karani ina hati nzuri, na barua iliyoandikwa na mwenyewe ina habari.

Mfano wa tatu katika jamaa hiyo hiyo huthibitisha kwamba kipimo hiki si cha kuwaonea. Dom Fernando wa Pili wa Ureno, aliyezaliwa mwaka 1816 na kumwoa Malkia Maria wa Pili mwaka 1836, alikuwa binamu wa Victoria na wa Albert pia. Waureno humwita mfalme msanii, nao hawakosei. Ndiye aliyejenga kasri la Pena juu ya mlima wa Sintra, naye alichora juu ya shaba kwa muda mrefu kuliko binamu zake, hata ilipokuwa si mchezo tena. Katika kazi zake, wanyama na watu wa nyumbani na mambo ya kubuni, tindikali inajulikana na kutawaliwa: mstari mzito na mstari hafifu vimetenganishwa kwa makusudi. Huyu ni fundi. Na ni ajabu kidogo kwamba bendera ya mkewe ndiyo iliyodaiwa kutawala pwani ya kusini ya Ruvuma, mwendo wa siku kadhaa tu kutoka nchi itakayotajwa mwishoni. Lakini mtu akiulizwa ni michoro ya nani itakayomfundisha zaidi jinsi mchezo wa faragha ulivyo, jibu si Fernando. Ufundi ukizidi, faragha hupungua. Mkono uliokwisha kuwa hodari huanza kumfikiria mtazamaji.

Sasa ufuate mkasa wenyewe. Mabamba ya Malkia yalikuwa yakifungiwa kwa ufunguo, na nakala zilitolewa katika mashine iliyowekwa ndani kwa kazi hiyo, zikagawiwa jamaa na rafiki wachache. Hata hivyo baadhi ya mabamba yalipelekwa kwa mpiga chapa mmoja wa mji wa Windsor, na katika karakana yake mfanya kazi wake aitwaye Middleton akatoa nakala za ziada kwa siri. Nakala hizo zikafika kwa Jasper Judge, mwandishi wa magazeti, na kwa njia hiyo kwa William Strange, mchapishaji wa London. Shauri lao lilikuwa kufanya maonyesho ya watu wote, na wakatayarisha orodha ya kuieleza michoro moja moja, zaidi ya sitini, iuzwe kwa peni sita, na mnunuzi aahidiwe mfano wa sahihi ya Malkia au ya mumewe. Mwaka 1848 Albert akapeleka mashtaka. Mwanzoni mwa mwaka 1849 mahakama ya chini ilimpa haki, na Lord Cottenham, mkuu wa mahakama hizo, akaithibitisha hukumu.

Kesi hii husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria, wala si kwa ajili ya picha. Wajibu maombi walikuwa tayari kuacha maonyesho. Walichokishikilia ni ile orodha. Hoja yao ilikuwa na werevu: picha ni mali ya aliyeichora, sawa, lakini maneno yanayosema kwamba picha fulani ipo na inaonyesha hiki na hiki ni maneno ya aliyeyaandika. Mahakama haikukubali. Ilionekana kwamba kumweleza mtu kwa maneno kitu alichokificha mwenzake ni kukitoa nje vile vile, na kwamba aliyekipata kwa kuvunja uaminifu hana ruhusa ya kukitumia kwa njia yoyote. Miaka arobaini na moja baadaye, mwaka 1890, mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliegemea hukumu hiyo walipoandika makala yao mashuhuri juu ya haki ya mtu kuachwa na mambo yake, na kutoka hapo fikira hiyo imeenea katika sheria za nchi nyingi. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 16, inaitaja faragha kwa jina.

Kwa mtu wa lugha, jambo la kushika hapa ni kwamba mahakama ilihukumu maneno. Ilisema kwamba jina na maelezo ya kitu ni sehemu ya kitu. Anayechagua jina la sanaa hii basi hafanyi kazi ndogo ya kupanga msamiati. Anaamua ni kipande kipi cha sanaa kitakachotajwa na kipi kitakachofichwa. Na katika neno faragha lenyewe Kiswahili kimepata bahati ambayo lugha za Ulaya hazina. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa utupu, na kwa hiyo ni wa mtu asiye na kazi mkononi na wa mahali pasipo na watu. Mchezo wa mtu aliyejitenga na mchezo wa mtu mwenye nafasi ni neno moja. Victoria alipochora juu ya shaba alikuwa katika faragha kwa maana zote mbili.

Mwaka 1842, katika miaka hiyo hiyo ya kuchora, merikebu ya Sultana ya Seyyid Said ilifika London ikiwa na mjumbe wake, Ali bin Nasir. Swali la haki ni kama majumba ya Unguja nayo yalikuwa na mchezo wa namna hii. Kwa jumla yafaa kujibu kwamba hayakuwa nao. Wafalme wa pwani waliipenda nakshi na wakailipia kwa ukarimu. Milango ya Beit al-Ajaib, nyumba iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, yatosha kuwa ushahidi. Lakini mkono uliochonga ulikuwa wa fundi, na kazi ilikusudiwa ionekane na kila apitaye. Nakshi ni heshima ya mwenye nyumba inayotazama njiani. Ndiyo sababu neno hilo, zuri kama lilivyo, halifai kuitwa picha ambayo mwenyewe aliifungia kwa ufunguo.

Uko mfano mmoja tu ulio karibu, nao si wa picha. Seyyida Salma, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alilelewa katika desturi iliyowaruhusu wasichana wa jumba kusoma na kuwanyima kuandika. Akajifundisha kwa siri, akiziiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao katika shule za zama hizo ulikuwa ndio ubao. Hapa mambo yote ya mchezo wa faragha yamo: mtoto wa mfalme, nafasi ya kutokuwa na kazi, mkono usiofunzwa, na kitu kigumu kinachopokea alama. Hata uigaji umo, kwani alianza, kama Victoria, kwa kunakili kazi ya mabingwa. Tofauti ni kwamba wino juu ya mfupa hufutika, na kwa hiyo siri yake ilikuwa salama kuliko ya Windsor.

Salama hiyo haikudumu. Mwaka 1859, Barghash alipofanya njama juu ya ndugu yake Seyyid Majid, Salma mwenye miaka kumi na mitano akawa katibu wa njama, kwa sababu alijua kuandika. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1866 Salma aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, akafiwa na mumewe mwaka 1870. Mwaka 1886 akachapisha Berlin kumbukumbu za maisha yake, ambamo vyumba vya ndani vya Mtoni na vya mjini vilifunguliwa mbele ya Ulaya nzima. Alichokipeleka Albert mahakamani kuzuia, Salma alikifanya kwa hiari yake mwenyewe, akiwa mjane ugenini. Wako wanaomlaumu kwa hilo. Hao wangefanya vyema kutambua kwamba ndani ya kitabu kile ni yeye aliyechagua mlango wa kufungua, na milango kadhaa aliiacha imefungwa. Hakuna Middleton aliyemtangulia.

Limebaki jina. Neno kuchora halikosi haki. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inalieleza kwanza kwa maana ya kukata na kuchonga alama juu ya kitu kigumu, na maana ya kalamu na karatasi huja nyuma. Lakini karatasi imeshinda. Leo mtoto wa shule akiambiwa achore hatafuti kisu, na kumrudisha nyuma kwa amri ya wanakamusi ni kazi isiyo na tija. Chapa nalo lataja uzazi wa nakala, ila ni neno la gazeti na la ng'ombe sawasawa, wala halina kina.

Yafaa sasa kugeukia kusini. Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea, ambamo Matambarale imo, hawakuwa na mfalme. Waliishi kwa koo za upande wa mama, na hapakuwa na jumba ambalo mtu angejifungia. Lyndon Harries aliiandikia lugha yao sarufi iliyotoka mwaka 1950, naye baadaye alijulikana zaidi kwa kazi yake juu ya ushairi wa Kiswahili. Wasomaji wake wa huku wangefaidika kama wangekirudia kile kitabu cha mwanzo. Kabla yake, mwaka 1906, Karl Weule wa Leipzig alizunguka nchi za kusini, akawapa watu karatasi na kalamu wachore, na baadhi ya michoro hiyo akaichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1908. Alivutwa sana na kalamu zake mwenyewe. Mchoro uliokuwa bora mbele yake ulikuwa juu ya ngozi za watu aliokuwa akiwagawia karatasi: chale za Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambazo alizitazama na kuzipiga picha kama alama za kabila, bila ya kuuliza kama ni sanaa ya kuchora.

Namna ya kuchanja, kama ilivyojulikana hasa kwa Wamakonde, yafanana na kazi ya bamba hatua kwa hatua. Ngozi hukatwa kwa chuma kidogo. Masizi hutiwa katika kidonda na kusuguliwa. Yaliyo juu hupanguswa, na yaliyo ndani hubaki. Mstari hutoka katika jeraha na rangi hukaa ndani ya mstari. Nyingine zilikuwa za usoni, kwa watu wote. Nyingine zilikuwa za tumboni na mapajani, kwa macho ya wachache. Faragha ilikuwako basi bila jumba na bila ufunguo, na yenye ulinzi ambao Lord Cottenham asingeweza kumpa Albert, kwa maana ngozi ni bamba ambalo halitoi nakala. Desturi hiyo ilipungua sana katika karne ya ishirini, wala hapa haisifiwi wala hailaumiwi. Yatajwa kwa kuwa imeacha maneno.

Neno moja limekwisha kuchukuliwa. Nembo, ambalo Johnson alilijua kuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, sasa ni alama ya taifa, ya shirika, ya chama, na huonekana juu ya barua za serikali na milango ya magari. Lilitoka juu ya ngozi likaenda juu ya mhuri, na haliwezi kurudi. Chale lingali huru. Lina kina, lina jeraha, lina rangi iliyoingizwa. Na kila msemaji wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Nachingwea, analielewa bila ya kufunzwa. Likiunganishwa na chapa, kila moja humtimizia mwenzake upungufu: chapa ya chale ni picha iliyochanjwa kisha ikazaa nakala, na ndani ya maneno hayo mawili umo ugomvi wote wa mwaka 1849, chale ikivuta ndani na chapa ikivuta nje.

Pingamizi moja ni ya kweli. Wako watakaosema kwamba chale ni za mganga na za unyago, na kwamba kulitia neno hilo katika habari za Windsor ni kulishusha, au kuishusha Windsor. Pingamizi hiyo yaonyesha tu jinsi maneno ya bara yalivyozoea kusubiri nje wakati yale ya pwani yakikaribishwa. Nakshi nayo ilikuwa kazi ya mikono ya mafundi kabla haijawa neno la wasomi. Swali gumu zaidi ni la kitenzi. Kuchanja bamba kwafaa kwa kazi ya sindano, walakini sindano haikati shaba, na mwenye kukata kweli ni tindikali. Mafundi wakisema kulisha bamba watakuwa wameeleza hatua ile ambayo Malkia alimwachia Marianne Skerrett, nayo ndiyo hatua ambayo kamusi yoyote ikiiacha itakuwa imerudia kosa la wale waliomsahau.